Mefiboshethi Mwana wa Yonathani: Jina la Aibu Mezani pa Mfalme

Wengi wetu tumemjua Mefiboshethi tangu siku za shule ya Jumapili. Ni yule kiwete aliyekula mezani pa mfalme Daudi. Walimu hupenda kuisimulia habari yake, na watoto hupenda kuisikia. Lakini jina lake ni zito mdomoni, na ni wachache wanaouliza maana yake. Ndani ya jina hilo limo neno la Kiebrania bosheth, na maana yake ni aibu. Basi yatupasa kujiuliza: ni baba gani ampaye mwanawe jina lenye aibu ndani yake? Kwetu mtoto aliyezaliwa katika dhiki huitwa Tabu, au Shida, au Masumbuko, nasi twaelewa. Lakini Mefiboshethi alizaliwa nyumbani mwa mfalme, naye babaye alikuwa shujaa aliyependwa na watu wote. Siku ile hapakuwa na aibu yo yote. Tukitaka kujua jinsi jina hili lilivyopatikana, na tuyafuate maisha yake tangu mwanzo hata mwisho.

Babaye alikuwa Yonathani mwana wa Sauli, wa kabila la Benyamini. Mtoto alizaliwa yapata miaka 5 kabla ya vita vya mlima wa Gilboa, vilivyopiganwa karibu na mwaka 1010 kabla ya kuzaliwa Kristo. Jina alilopewa na babaye halimo katika vitabu vya Samweli. Twalikuta katika Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 8 na ya 9, katika orodha ya ukoo wa Sauli. Huko mwana wa Yonathani, babaye Mika, aitwa Meribaali.

Jina hilo lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza yatoka katika neno la Kiebrania lenye maana ya kuteta, na pia kutetea, kama vile mtu anavyomtetea mwenziwe barazani. Sehemu ya pili ni baali. Hapa msomaji atashtuka, kwa kuwa Baali twamjua kuwa mungu wa Wakanaani, ambaye Eliya alishindana na manabii wake mlimani Karmeli. Lakini baali kwanza lilikuwa neno la kila siku tu. Maana yake ni bwana au mwenye. Mwenye ng'ombe aliitwa baali wa ng'ombe, mwenye nyumba baali wa nyumba, na mume wa mwanamke aliitwa baali wake. Wasemao Kiswahili hawana haja ya kufundishwa sana jambo hili, maana sisi nasi husema bwana kwa mwenye mali, na bwana kwa mume, na kwa neno lilo hilo twamwita Mungu katika sala zetu. Basi jina Meribaali laweza kufasiriwa: Bwana ndiye mtetezi.

Je, Yonathani alikuwa mwabudu sanamu? Hatuoni sababu ya kusema hivyo. Jina lake mwenyewe maana yake ni kwamba Bwana, Mungu wa Israeli, amempa. Nduguye aliitwa Eshbaali, yaani mtu wa Bwana. Daudi naye alikuwa na mwana aliyeitwa Beeliada, kama yasemavyo Mambo ya Nyakati, sura ya 14. Na miongoni mwa watu waliomwendea Daudi huko Siklagi alikuwako mtu jina lake Bealia, maana yake Bwana wa Israeli ndiye baali. Siku zile wazazi wacha Mungu waliweza kulitumia neno hilo pasipo hofu.

Hata ardhi imeshuhudia hayo. Mwaka 1910 watu waliokuwa wakifukua magofu ya mji wa Samaria walipata vigae vya mitungi vilivyoandikwa kwa wino, kumbukumbu za divai na mafuta, za karne ya 8 kabla ya Kristo. Majina mengine yaliyoandikwa humo yana jina la Mungu wa Israeli, mengine yana neno baali, na mmojawapo wa watu hao aitwa Meribaali. Tena mwaka 2012, katika magofu ya Khirbet Qeiyafa, karibu na bonde la Ela ambako Daudi alimpiga Goliathi, vilipatikana vipande vya mtungi. Vilipounganishwa, jina Eshbaali mwana wa Beda lilisomeka, nalo liliandikwa yapata miaka 3000 iliyopita. Huyo si mwana wa Sauli, ila jina lake ni la siku zile zile.

Basi mtoto alizaliwa akiitwa Meribaali, akalelewa miaka 5 nyumbani mwa babaye. Ndipo zikaja habari kutoka Yezreeli. Wafilisti wameshinda, Sauli amekufa, na Yonathani amekufa, na ndugu zake Abinadabu na Malkishua pamoja nao. Yaya aliyemlea mtoto aliogopa, akamchukua akakimbia. Katika haraka yake mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Siku moja ikamwondolea baba, na babu, na nyumba, na miguu. Tusimlaumu yaya. Alifanya alivyoweza ili kumwokoa, naye hakumtupa.

Mtoto akapelekwa ng'ambo ya Yordani, katika nchi ya Gileadi, mpaka mahali paitwapo Lo-debari. Jina hili nalo lina maana. Kwa masikio ya Mwebrania lilisikika kama kusema, si kitu. Nabii Amosi alilichezea neno hilo alipowakemea watu waliofurahia mambo yasiyo kitu. Huko kulikuwa na mtu mwema, Makiri mwana wa Amieli, naye akampokea mjukuu wa mfalme nyumbani mwake. Mtoto akakua mahali pa si kitu, akila chakula cha mtu mwingine.

Wakati huo amu yake Eshbaali, ambaye katika kitabu cha Samweli aitwa Ishboshethi, alitawala Mahanaimu miaka 2, kisha akauawa na watumishi wake mwenyewe, alipokuwa amelala kitandani wakati wa jua kali. Kwa kifo hicho kijana kiwete akawa mrithi wa nyumba ya Sauli. Kila mtu alijua desturi ya wafalme wa nchi zile: mfalme mpya huwaua watu wa nyumba ya mfalme wa kwanza, asije mmojawapo akainuka kudai kiti. Kwa hiyo ilikuwa heri kwake asijulikane.

Hapa na tusimame kidogo, tueleze jinsi majina haya mawili yalivyogeuzwa. Baada ya siku za Daudi, na hasa siku za Ahabu na mkewe Yezebeli binti wa mfalme wa Wasidoni, ibada ya Baali wa Kanaani ilienea sana katika Israeli. Watu wakalitumia neno moja kwa Mungu wa kweli na kwa sanamu pia, wakachanganyikiwa. Zaidi ya miaka 200 baada ya Daudi, nabii Hosea alitangaza kwamba yaja siku ambayo Israeli hatamwita Mungu wake tena kwa neno baali. Tangu hapo neno hilo likawa uchungu vinywani mwa waaminifu. Waandishi walionakili vitabu vitakatifu hawakutaka kulisoma mbele ya watu, wakaweka mahali pake neno bosheth, aibu. Twaliona jambo hili waziwazi katika habari za Gideoni. Kitabu cha Waamuzi chamwita Yerubaali, lakini katika 2 Samweli, sura ya 11, jina lake ni Yerubeshethi. Hivyo Eshbaali akawa Ishboshethi, mtu wa aibu. Na Meribaali akawa Mefiboshethi, jina ambalo wengine hulisoma kuwa litokalo kinywani mwa aibu. Vitabu vya Mambo ya Nyakati havikutiwa mkono hivyo, kwa hiyo majina ya kwanza yamehifadhiwa humo.

Waandishi hao hawakuwa na nia ya kumdharau Mefiboshethi. Waliichukia sanamu, na katika kuichukia sanamu wakaliandika neno la aibu juu ya mtu asiye na kosa. Tangu siku ile hata leo, kila asomaye kitabu cha Samweli amwita kwa jina ambalo babaye hakumpa.

Ila neno hilo bosheth lilikuwa limekwisha kutajwa katika nyumba ile zamani, kabla waandishi hawajaligusa jina. Msomaji na afungue 1 Samweli, sura ya 20. Ilikuwa sikukuu ya mwandamo wa mwezi, na Sauli ameketi mezani. Mahali pa Daudi palikuwa wazi, kwa maana alikuwa amejificha shambani. Yonathani alipomtetea rafiki yake, babaye akawaka hasira, akamtukana mbele ya watu, akasema kwamba urafiki wake na mwana wa Yese ni aibu kwake mwenyewe na aibu kwa mamaye. Neno alilolitumia Sauli ni lilo hilo, bosheth, tena mara mbili. Kisha akautupa mkuki ili ampige mwanawe. Yonathani akaondoka mezani asile chakula siku ile. Naye Daudi na Yonathani walikuwa wamekwisha kuapiana mbele za Bwana: Daudi asiuondoe wema wake katika nyumba ya Yonathani milele, hata hapo Bwana atakapokuwa amewaondoa adui zote wa Daudi.

Miaka ikapita. Daudi alitawala Hebroni miaka 7 na nusu, kisha akautwaa Yerusalemu akakaa huko. Hata ufalme wake ulipoimarika, akaukumbuka ule urafiki. Akauliza kama amesalia mtu ye yote wa nyumba ya Sauli, apate kumtendea mema kwa ajili ya Yonathani. Wakamletea Siba, aliyekuwa mtumishi wa Sauli, mtu mwenye wana 15 na watumishi 20. Siba akamwambia mfalme ya kuwa yuko mwana wa Yonathani, kiwete wa miguu, katika nyumba ya Makiri huko Lo-debari. Hakumtaja jina. Alitaja kilema chake tu.

Tuufikirie moyo wa kijana yule wajumbe wa mfalme walipofika mlangoni. Alikuwa sasa mtu mzima, mwenye mwana mdogo aitwaye Mika. Hakuweza kukimbia, wala hapakuwa na yaya wa kumchukua. Alipofikishwa mbele ya Daudi akaanguka kifudifudi. Naye Daudi akafanya neno ambalo Siba hakulifanya: akamwita kwa jina lake. Kisha akamwambia asiogope, na ya kwamba atamrudishia mashamba yote ya Sauli babu yake, naye atakula mezani pake daima. Mefiboshethi akajiita mbwa mfu, kwa kuwa hakujua aseme nini. Daudi hakumjibu neno hilo. Akamwita Siba na kumwagiza kuyalima mashamba ya bwana wake.

Kitabu chasema kwamba alikula mezani pa Daudi kama mmojawapo wa wana wa mfalme, na mara moja chaongeza ya kuwa alikuwa kiwete wa miguu yote miwili. Kilema hakikuondolewa. Tena tukumbuke kwamba mji ule ule, ulipotwaliwa, ulizaa msemo uliowakataza vipofu na viwete wasiingie nyumbani. Sasa kiwete anaingia kila siku, na kuketi pamoja na wana wa mfalme. Baba aliondoka mezani pa Sauli kwa ajili ya neno aibu. Mwana, ambaye sisi twamwita kwa neno hilo hilo, akaletwa mezani pa Daudi, na mahali pake pakawa pake.

Lakini maisha yake hayakuishia katika raha. Absalomu alipomwasi babaye, Daudi alikimbia Yerusalemu kwa miguu, akilia. Alipokipita kidogo kilele cha mlima, Siba akamlaki na punda 2 waliotandikwa, na mikate 200, na vichala 100 vya zabibu kavu, na matunda 100 ya wakati wa hari, na kiriba cha divai. Mfalme akauliza bwana wake yuko wapi. Siba akajibu kwamba amekaa Yerusalemu, akitumaini kurudishiwa ufalme wa babu yake. Mfalme alikuwa amechoka, tena mwanawe mwenyewe alikuwa akimtafuta amwue, na ni vyepesi kwa mtu wa hali hiyo kuamini kwamba kila mtu amemsaliti. Pasipo kuuliza shahidi, akampa Siba mali yote ya Mefiboshethi.

Hata vita vilipokwisha na Daudi akarudi, Mefiboshethi akashuka kumlaki. Kumwona tu kulitosha. Tangu siku mfalme alipoondoka hakuitunza miguu yake, wala hakuzikata ndevu zake, wala hakuzifua nguo zake. Akaeleza kwamba mtumishi wake alimdanganya: yeye alitaka kutandikiwa punda aende na mfalme, kwa kuwa ni kiwete, lakini Siba akaenda peke yake na kumsingizia. Mfalme akakata neno upesi, na sisi twakiri kwamba hukumu yake yatuhuzunisha: mashamba yagawanywe, nusu kwa nusu, kati yake na Siba. Yaonekana Daudi hakutaka kuchunguza zaidi siku ile ya kurudi kwake.

Hapo ndipo tunapomjua Mefiboshethi kuwa mtu wa namna gani. Hakuteta. Alisema Siba na ayatwae yote, maadamu bwana wake mfalme amerudi nyumbani kwa amani. Yule aliyepewa jina lenye maana ya kuteta na kutetea aliiacha haki yake mwenyewe barazani, akaridhika na mahali pake mezani. Kama angalikuwa anautamani ufalme, asingaliyaacha mashamba.

Wala si yeye peke yake aliyeukumbuka wema. Daudi alipokuwa ukimbizini Mahanaimu, miongoni mwa watu waliomletea vitanda na vyombo, na ngano na shayiri, na kunde na dengu, na asali na siagi, alikuwako Makiri wa Lo-debari. Mtu yule aliyemlea mjukuu wa Sauli alikuja kumlisha mfalme aliyemwinua mjukuu huyo.

Twasoma tena habari ya njaa iliyodumu miaka 3. Wagibeoni, ambao Sauli aliwaua kinyume cha kiapo, walidai watu 7 wa nyumba yake. Ni habari nzito, na hatuwezi kuisoma bila kumkumbuka Rispa, aliyezilinda maiti mchana na usiku. Mmoja wa wanawe waliouawa aliitwa Mefiboshethi pia. Lakini Mefiboshethi mwana wa Yonathani alihifadhiwa, kwa sababu ya kiapo cha Bwana kilichokuwa kati ya Daudi na babaye. Ndipo Daudi akaileta mifupa ya Sauli na Yonathani kutoka Yabeshi-Gileadi, ikazikwa katika kaburi la Kishi, katika nchi ya Benyamini. Hivyo baba na babu wakapata kaburi katika nchi ya kwao.

Baada ya hapo kitabu cha Samweli hakimtaji tena. Lakini turudi katika ile orodha ya Mambo ya Nyakati, ambayo wasomaji wengi huiruka kwa kuwa ni majina matupu. Meribaali alimzaa Mika. Mika alikuwa na wana 4. Kizazi hufuata kizazi, mpaka tunapofika kwa wana wa Ulamu, watu mashujaa, wapiga upinde, waliokuwa na wana na wajukuu 150. Yonathani alikuwa mpiga upinde hodari, nao uzao wa kiwete wakaushika upinde wa baba yao. Na katika orodha hiyo babu yao hana aibu katika jina lake. Ameandikwa kama babaye alivyomwita.

Basi, ndugu wapendwa, tukilisoma jina Mefiboshethi, tukumbuke ya kuwa aibu ile haikuwa yake. Sauli aliitamka kwa hasira, na waandishi waliiandika kwa ajili ya sanamu, naye akaichukua. Miongoni mwetu wako watu waitwao kwa vilema vyao, au kwa msiba uliowapata siku ya kuzaliwa, au kwa makosa ya baba zao. Pengine sisi ndio tuwaitao hivyo, kama Siba alivyomtaja kiwete pasipo kumtaja jina. Daudi alimwita kwa jina, akamketisha pamoja na wanawe, kwa ajili ya ahadi aliyoahidiwa mtu mwingine kabla ya yeye kuanguka. Sisi nasi twaitwa kwenye meza ya Bwana kwa ajili ya ahadi ambayo hatukuifanya sisi, na hakuna ajaye huko kwa miguu yake iliyo mizima. Jina alilolitoa Yonathani siku ile ya kwanza lilikuwa kweli hata mwisho: Bwana ndiye mtetezi.